Kumkamulia Elia

Mwezi uliopita mama mmoja kijana alitoka Gitting akaja hadi kwangu, nyumba za walimu hapa Gendabi, akiwa na mtoto wa siku tisa. Alipomfunua nikaona mdomo umepasuka upande mmoja hadi puani. Aliniamkia, akakaa, na kabla hata chai haijachemka akauliza, "Mwalimu, wameniambia wewe unajua. Ninunue pampu gani?"

Nilimjibu. Lakini jibu langu lilikuwa refu kuliko swali, na alipoondoka nikaona bado sijalimaliza. Ndiyo maana ninaandika. Mimi si muuguzi. Nitaeleza tu yaliyotupata mimi na mwanangu Elia, ambaye sasa yuko darasa la tatu.

Elia alizaliwa mwezi wa tatu, mvua za masika zikiwa zimechanganya. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na sisi watumishi hatukuwa na uhakika barua zetu ziko Arusha au zimeshahamia Babati. Alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Mkunga alimpokea, akamfuta, akamwangalia mdomo. Kisha akasema, "Mwalimu, mtoto ni mzima. Ila mdomo una kazi kidogo."

Kazi haikuwa ndogo. Mdomo wa juu ulikuwa umeachana, na ndani, juu ya ulimi, kaakaa lilikuwa wazi. Nilimweka kwenye titi akalishika kwa nguvu zote za mtoto mwenye njaa, akatafuna, akahema, akatafuna tena. Hakuna kilichotoka. Baada ya nusu saa alikuwa amechoka, jasho limemlowesha kichwa, na titi langu lilikuwa limejaa kama mwanzo.

"Hawezi kuvuta," mkunga aliniambia. "Hewa inapita puani. Usidhani anakukataa."

Wewe unayesoma, likumbuke hilo neno la mwisho. Mimi nililisikia, lakini sikuliamini kwa miezi.

Mume wangu Paulo ni mkulima wa ngano na maharage. Alitupakia kwenye basi tukaenda hospitali ya Haydom, Elia akiwa na siku sita. Tulikuta watu kwenye benchi tangu alfajiri, wengine wametoka mbali kuliko sisi, wamejifunika mablanketi. Niliketi nimemfunika mtoto uso. Mama mmoja aliuliza kama anaumwa macho, nikasema ndiyo.

Daktari alimwangalia Elia kwa tochi ndogo, akatueleza vizuri. Mdomo utashonwa kwanza, kaakaa baadaye akishatimiza mwaka. Lakini hatafanyiwa chochote kabla ya kufika kilo tano. Siku hiyo alikuwa na kilo tatu kasoro. "Mkamulie maziwa yako umnyweshe kwa kikombe kidogo, amekaa wima," alisema. "Mara nane kwa siku. Akifika kilo tano, mleteni."

Tulirudi nyumbani tukiwa na hilo neno, kilo tano. Paulo alikuwa akilitaja hata kwenye sala ya chakula.

Mama mkwe alihamia kwetu kunisaidia. Ni mwanamke wa maneno machache, amelea watoto saba na ng'ombe wengi zaidi. Alimpokea mjukuu wake, akamtazama muda mrefu, akasema, "Ana masikio ya baba yangu." Hakusema kingine. Waliosema walikuwa majirani. Nilisikia kisimani kwamba nikiwa mjamzito nilimcheka mtu mwenye mdomo wa namna hiyo. Nilikaa siku nyingi nikijichunguza kama kweli nilimcheka mtu. Ndivyo yanavyofanya maneno hayo: unajua ni upuuzi, na bado unajichunguza.

Nilianza kukamua kwa mkono. Mara nane kwa siku ni rahisi kuitamka. Kila mara ilinichukua karibu saa nzima, kisha kumnywesha saa nyingine, kijiko kwa kijiko, maziwa yakitokea puani na mimi nikifuta. Nilipomaliza kufuta, zamu nyingine ilikuwa imefika. Vidole viliniuma hadi nikashindwa kushika kalamu.

Paulo akaenda Katesh kwenye duka la dawa. Miaka hiyo maduka yalikuwa yamejaa vitu vya kila aina kutoka nje, na muuzaji alimtolea kidude cha kioo chenye mpira mwekundu nyuma, kama honi ya baiskeli. Akamwambia ndicho wanachonunua watumishi wote. Unabana mpira, unaweka kioo kwenye titi, unauachia, maziwa yanakuja. Yalikuja kweli. Lakini mvuto wake hukuweza kuupunguza; ulikuwa unang'ata mara moja kwa nguvu zote. Na maziwa mengine yaliingia ndani ya mpira, mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Niliuchemsha, nikausuuza, nikaunusa, bado ulikuwa na harufu ya kuchacha.

Katika wiki ya pili chuchu zilipasuka. Katika wiki ya tatu niliamka titi la kulia likiwa gumu kama kiazi kibichi, na alama nyekundu imepanda kuelekea kwapani. Ilikuwa saa sita mchana, jua linawaka, na mimi natetemeka chini ya mablanketi mawili. Zahanati walinipa vidonge, wakaniambia niendelee kukamua hata kama inauma, maziwa yasilale ndani. Nilikamua huku nimeuma kanga. Mama mkwe alinishika mabega kwa nyuma.

Homa ilishuka, lakini maziwa nayo yalishuka.

Shemeji yangu aliyeko Arusha alisikia habari zetu, akatuma kwa basi boksi lenye picha ya mwanamke mwenye kucha nzuri anayetabasamu. Ilikuwa pampu ya umeme. Gendabi haikuwa na umeme, lakini pampu ilikubali betri sita. Paulo alizitoa kwenye redio, nyingine akaziongezea dukani, akabonyeza, ikaanza kunguruma. Kwa siku tatu nilijiona mwanamke tajiri kuliko wote wilaya nzima ya Hanang. Siku ya nne mngurumo ulianza kulegea. Paulo alizianika betri juani juu ya bati. Zikapata nguvu ya dakika chache, zikalala tena. Redio ikabaki tupu kabatini, na mama mkwe, ambaye kila siku alikuwa akisikiliza matangazo ya vifo, alikuwa akiuliza kwa upole, "Leo hakuna aliyekufa?"

Tulinunua betri mara mbili, mara tatu. Hata zikiwa mpya, mdomo wa pampu ile ulikuwa mwembamba, ukinikwaruza palepale palipokuwa pameanza kupona. Sikumwambia mtu. Pampu ilikuwa zawadi, tena ya gharama, na ningemwambiaje shemeji kwamba hainifai? Nilidhani tatizo ni titi langu.

Sasa nifike mahali ambapo nilikuwa natamani nisipasimulie.

Elia alikuwa analia njaa. Kikombe kilichokuwa kinajaa sasa kilikuwa kinafika nusu. Asubuhi moja Paulo akiwa shambani, nilichukua maziwa ya ng'ombe wa mama mkwe, nikayachanganya na maji, nikayaongeza kwenye ya kwangu, nikamnywesha. Akalala. Nilikaa nikimtazama alivyolala, nikaona nimempa kitu ambacho mwili wangu umeshindwa kumpa. Siku iliyofuata nikafanya tena. Mama mkwe alikuja jikoni akanikuta na kikombe mkononi. Yeye mwenyewe aliwahi kushauri hivyo mwanzoni, mimi nikamkatalia kwa ukali, nikataja hospitali. Safari hii aliangalia kikombe, akaangalia sufuria, akatoka kwenda kutoa samadi.

Baada ya wiki mbili Elia alianza kuharisha. Alikuwa na miezi miwili na wiki moja tulipopanda tena basi la Haydom, mimi, yeye na bibi yake. Niliivaa ile kanga yangu nzuri, kama vile kanga ingesaidia mizani.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi huku akazoea. Nitamwita Sista Anjela. Mizani ilionyesha kilo tatu na nusu. Mwezi uliotangulia, ya zahanati ilikuwa tatu na robo tatu. Akaichora nukta kwenye kadi, mstari ukateremka.

"Mwalimu, unakamua mara ngapi?"

"Mara nane."

"Anapata maziwa yako tu?"

"Ndiyo, Sista."

Alinitazama. Kisha akasema, "Nionyeshe unavyokamua."

Nilikuwa nimebeba vyote viwili, cha mpira na cha betri. Nikafungua blauzi. Sista Anjela aliinama akaangalia, akavuta hewa kupitia meno. Chuchu moja ilikuwa na kidonda kilichozunguka kama pete.

"Na haya yamempa mtoto mara nane?" aliuliza, taratibu sana.

Nilihisi machozi yanakuja, na juu ya machozi hasira, maana nilikuwa mtu mzima, mwalimu, ninayeadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, akasimama.

"Sista, nigombeze mimi," alisema. "Ng'ombe ni wangu."

Sista Anjela alimwangalia yeye, akaniangalia mimi.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni mimi. Mama hakumpa hata mara moja. Mimi nilichanganya, nikaweka na maji."

Nilitegemea kugombezwa. Sista alivuta stuli akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana. "Nimewalea mapacha wangu kwa kukamua," alisema. "Na mimi niliwahi kudanganya mizani. Sasa sikiliza. Maziwa hayajaisha. Umeumia. Titi linaloumizwa haliachii. Nani alikuchagulia hizi?"

"Mume. Na shemeji."

"Wao wana matiti?"

Mama mkwe alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mtoto azaliwe.

Sista alileta pampu yake mwenyewe, ya plastiki, ya mkono, yenye kishikio unachokibana kwa vidole na kukiachia. Ilikuwa na midomo mitatu ya kubadilisha, mwembamba, wa kati, na mpana. Alinijaribisha wa kwanza. "Unaona chuchu inavyosugua pembeni? Huo si wako." Wa pili, bado. Wa tatu chuchu ilikwenda na kurudi bila kugusa ukuta. "Huo. Sasa bana kidogo kidogo haraka, kama mtoto anavyoanza. Yakishaanza kushuka, bana taratibu na kwa kina. Ikiuma, punguza. Usiivumilie. Kuvumilia ndiko kumekufikisha hapa."

Nilibana. Kwa dakika moja hakukuwa na kitu. Kisha nikahisi ule msisimko kama sindano nyingi ndogo, na maziwa yakaruka yakapiga plastiki.

Tulilazwa siku tano hadi kuharisha kukakoma na vidonda vikaanza kufunga. Sista aliniazima ile pampu nikiwa pale. Siku tuliyoondoka alikata kipande cha boksi la dawa kuwa duara, sawasawa na upana wa mdomo ulionifaa, akanipa. "Mumeo akienda dukani asiulize ipi ni nzuri. Aweke hiki kwenye mdomo wa pampu. Kikikaa, ndiyo. Kisipokaa, atoke."

Paulo alikwenda Arusha na duara lile ndani ya kitabu chake cha nyimbo lisikunjike. Huwa anasimulia mwenyewe sasa, kwenye harusi hata. Aliingia maduka manne. La tatu, msichana wa kaunta alimletea pampu kubwa inayong'aa na kumwambia hii ndiyo wanawake wa kisasa wanataka. Paulo akatoa duara la boksi, akaliweka, halikukaa. "Kaka, hicho ni nini?" msichana akauliza. "Ni mke wangu," Paulo akajibu, na duka zima likageuka. Duka la nne alipata ya mkono, ya kishikio, kama ya Sista. Alifika nyumbani ameishika mapajani safari nzima.

Kilichofuata hakina mbwembwe. Kilikuwa kazi. Tulitenga sufuria moja ya kuchemshia vipande vya pampu, hakuna aliyeruhusiwa kuipikia hata maji ya chai. Mama mkwe alianza kunipa uji kabla ya kila zamu, na akishanipa anakaa mlangoni mgeni asiingie. Maziwa yalirudi polepole, kwanza kidole kimoja kwenye kikombe, kisha viwili, kisha kikombe.

Likizo yangu iliisha mwezi wa sita, upepo wa Mlima Hanang ukiwa umeanza kukata masikio. Nilienda kwa mwalimu mkuu na maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima. "Shikamoo mwalimu mkuu," nikasema, "nina jambo..." Akaitikia marahaba, akafungua droo, akanipa ufunguo wa stoo ya chaki. "Mke wangu ameniambia," alisema, macho yake kwenye daftari la mahudhurio. "Kuna kiti. Nimeweka pazia." Nilikamua kwenye stoo ile saa nne na saa saba, kila siku ya shule, nikisikia watoto wakiimba majedwali ya kuzidisha upande wa pili wa ukuta.

Nyumbani mambo hayakuwa laini muda wote. Jioni moja Paulo alirudi kutoka kuvuna akanikuta nakamua, chakula kimepoa, akasema, "Wewe umeolewa na hiyo pampu. Sisi wengine ni wageni." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia abebe yeye matiti. Tulikaa siku mbili bila kusemezana zaidi ya salamu. Siku ya tatu nilimkuta uani ameinama kwenye beseni, anasugua vipande vya pampu kwa brashi, kimoja kimoja, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakuomba radhi na mimi sikuomba. Tangu siku hiyo kuosha kukawa kazi yake.

Mwisho wa mwezi wa saba mizani ya Haydom ilisema kilo tano na kidogo. Sista Anjela alipiga kofi moja tu, la nguvu, wagonjwa wakashtuka.

Siku ya upasuaji nilikaa na mama mkwe kwenye benchi la korido. Matiti yalijaa nikiwa pale, yakavuja, nikaenda kukamua chooni nikirudi mbio. Alipotolewa alikuwa amevimba, ana nyuzi, na mdomo mzima. Watu walisema mshukuru Mungu, na nilishukuru. Lakini nililia pia kwa sababu ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nimeizoea sura ya kwanza. Lile tabasamu lake pana lililofika puani, nililolificha kwenye benchi hilohilo, halikuwepo tena, na sikuwa nimeliaga. Mtu akikukuta unalia hivyo, usione aibu. Hulilii kosa. Unamlilia mtoto uliyemjua.

Niliendelea kukamua, maana kaakaa bado lilikuwa wazi na asingeweza kuvuta. Zamu zilipungua, nane, sita, nne. Alipoanza kula uji na viazi vya kuponda, nikabaki na mbili, asubuhi na jioni. Titi la kulia, lile lililougua, lilibaki dogo kuliko la kushoto mpaka leo. Nguo hainikai sawa. Nimelizoea.

Kwa hiyo dada, kuhusu pampu. Usichukue ya mpira wa honi. Ya umeme ni nzuri pale penye umeme na kama mdomo wake unakufaa. Siku hizi wengi wana umeme, mimi sikuwa nao. Ya mkono yenye kishikio inatosha nyumba ya kawaida, mradi ifunguke yote na kuosheka. Usinunue ile ambayo vipande vyake huwezi kuviona ndani. Ijaribu kwenye titi lako kabla ya kuamua, na kama duka halikubali, nenda kwa muuguzi akupimie. Ikiuma, si wewe mwenye kasoro. Na maziwa yakipungua, sema mapema. Sema kwa yeyote. Mimi nilipoteza wiki mbili za mwanangu kwa sababu ya kuona haya.

Kaakaa la Elia lilifungwa akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Tulisubiri majeraha yapone kabisa. Kisha Jumapili moja baada ya kanisa, nyumba ikiwa imetulia, nilijifungia naye chumbani. Sikumwambia mtu. Mwaka mzima nilikuwa nimelingoja jambo hilo. Nilijua maziwa ni machache sasa, nilitaka tu ajue. Nilimpakata, nikafungua blauzi, nikamsogeza.

Elia aliliangalia titi. Akaligusa kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mtu anayegusa kitu cha dukani. Akaniangalia usoni kuona nataka nini. Nikamsogeza tena. Akageuza kichwa, akafikiri, kisha uso wake ukang'aa kama amekumbuka. Akanyoosha mkono hewani mbele ya titi, akakunja vidole vyake vidogo, akaanza kubana na kuachia, kubana na kuachia, huku akiigiza kwa mdomo wake mpya sauti ya kishikio: "Kwi. Kwi. Kwi."

Nilicheka hadi nikashindwa kumshika. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini. Mama mkwe aligonga mlango. "Kuna nini humo?"

"Hakuna kitu, mama," nikasema. "Elia ananikamua."